Sifa ya Mguu wa Kushoto

Ukitaka kumjua dereva, usingoje afike kwenye lami iliyonyooka. Mtazame anapoondoka. Gari likishashika kasi hujiendea, na hata mwanafunzi wa juzi anaweza kushika usukani likaenda. Kazi iko kwenye zile mita chache za mwanzo, pale chombo chenye uzito wa tani kinapotolewa mahali kiliposimama mpaka kikaanza kutembea. Dereva akiijua kazi yake, abiria aliyesimama hatafuti bomba la kushika, ndoo ya asali haimwagiki, na mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake haamki. Asipoijua, gari huruka, hutetemeka, huzima katikati ya barabara, na wote waliomo hupata wasiwasi kabla safari haijaanza.

Ufundi huu hauna tuzo. Hufanywa na mguu wa kushoto, chini ya dashibodi, mahali asipoangalia mtu. Nimeutazama kwa miaka mingi mjini Tabora, stendi, sokoni na kwenye viwanja vya vumbi ambako vijana hufundishwa udereva, na kadiri ninavyoutazama ndivyo ninavyoamini kwamba unastahili heshima tunayowapa maseremala na wahunzi hodari. Kiini chake ni subira fupi, iliyowekwa mahali pake hasa, kwa ajili ya kile kilichobebwa.

Tabora ni mji uliojengwa na watu wa kuondoka. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika hapa: moja iliendelea magharibi hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wasafiri Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857, wakapaita Kazeh, walikuta wafanyabiashara kutoka pwani wameshajenga matembe yao. Lakini walioibeba biashara yenyewe ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu waliofanya kazi ya ujira na kujivunia kazi hiyo. Mpagazi alichukua karibu frasila mbili, kama kilo 32, na juu yake akaongeza mkeka, chungu na chakula chake. Kutoka pwani hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000.

Watu hao walijua kwamba kuondoka ni kazi inayojitegemea. Desturi ilikuwa siku ya kwanza msafara utembee kidogo tu, kisha upige kambi karibu, ili mizigo ifungwe upya, aliyesahau kitu arudi kukichukua, na miili ianze kuuzoea uzito. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia na bendera, na haikuruhusiwa mtu kumpita. Henry Stanley alipotoka Bagamoyo Machi 1871, kambi yake ya kwanza ilikuwa Shamba Gonera, mwendo mfupi tu kutoka mjini. David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tangu Februari hadi Agosti 1872 akiwangoja wapagazi. Walifika tarehe 14 Agosti, na hata hivyo msafara haukung'oa nanga mpaka tarehe 25. Mizigo ilikuwa haijapangwa, na hakuna mpagazi mwenye akili aliyekubali kukurupushwa na mzigo ambao haujakaa sawa begani.

Ndani ya gari la gia za mkono, tatizo la kuondoka ni hili: injini haiwezi kusimama. Ikisimama, imezima. Ikinguruma yenyewe bila mafuta kukanyagwa, huzunguka kama mara 800 kwa dakika, na wakati huohuo magurudumu yametulia kabisa. Vitu viwili hivyo vinatakiwa kuunganishwa bila kimoja kukivunja kingine. Wapagazi walikuwa na namna ya kubeba mzegazega: furushi zito hufungwa katikati ya mti, na mti ukakaa mabegani mwa watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Wa mbele akipiga hatua ndefu kabla mwenzake hajawa tayari, mti humchubua yule wa nyuma na mzigo hubembea. Kwa hiyo huvuta kidogo, hungoja, humsikia mwenzake kupitia ule mti, na polepole hatua zao hulingana. Klachi ndiyo mti huo kati ya injini na magurudumu.

Yenyewe ni pleti ya duara iliyovikwa lainingi ya kusuguana, imebanwa kati ya flaiwili ya injini na presha pleti yenye springi kali. Ukikanyaga pedali, presha huachia, pleti huwa huru, na injini huzunguka peke yake. Ukiinua mguu, springi huibana tena. Kati ya kuachia kabisa na kubana kabisa kuna nafasi nyembamba, mara nyingi sentimita chache tu za mwendo wa pedali, ambapo pleti huteleza huku ikivuta. Hapo madereva husema klachi imeanza kushika. Ufundi wote umekaa katika nafasi hiyo.

Sasa tufanye hesabu, maana uzuri wake uko kwenye hesabu. Katika gari dogo la kawaida, gia ya kwanza pamoja na difu huifanya injini izunguke kama mara 14 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 800, gari litatembea karibu kilomita 6 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu mzima anayetembea kwa haraka. Mpagazi mwenye frasila mbili alikwenda taratibu zaidi. Mpaka gari lifike mwendo huo wa miguu, hakuna njia nyingine, klachi lazima iteleze. Likishafika, injini na magurudumu yamelingana, na kuanzia hapo unaweza kuinua mguu upesi utakavyo, hakuna atakayehisi kitu.

Jambo hili wanafunzi wengi hawaambiwi. Huambiwa tu, "Achia taratibu." Nao huachia taratibu mpaka gari linaposogea, kisha kwa furaha ya kuona limesogea huinua mguu wote. Kumbe wakati huo gari linakwenda labda kilomita 2 kwa saa, na injini inadai 6. Tofauti yote hiyo inalazimishwa kufutika kwa pigo moja, na pigo hilo ndilo linalowarusha watu mbele na nyuma. Mwili wa abiria haulalamikii mwendo, wala haulalamikii kuongezeka kwa mwendo kukiwa kwa utaratibu. Unalalamikia badiliko la ghafla. Mguu ulipaswa kubaki palepale sekunde moja zaidi, pengine mbili. Sekunde hizo ndizo zinazomtenganisha mtu anayeendesha gari na dereva.

Yuko mwalimu mmoja ninayemheshimu sana. Hufundishia kwenye uwanja tambarare, asubuhi kabla jua la Tabora halijawa kali, na katika somo la kwanza hamruhusu mwanafunzi kugusa pedali ya mafuta hata mara moja. Huanza na kiti: pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo, maana mguu ulionyooka hauwezi kusikia kitu. Kisha viatu. Soli nene huwekwa kando. Kisha gia ya kwanza, breki ya mkono huachiwa, na mguu wa kushoto huanza kupanda. Sehemu ya kwanza ya pedali haina kazi, kwa hiyo anaruhusu ipite upesi. Inapokaribia kushika, sauti ya mwalimu hubadilika.

"Mwalimu, limeanza kutetemeka," binti anayefundishwa anasema.

"Vizuri, mwanangu. Limekusalimia. Usiinue, usikanyage. Kaa hapohapo."

"Linasogea!"

"Naliona. Kaa hapohapo."

Gari linajikaza, linasogea, linapata mwendo wake wa kutembea, na ule mtetemo unaisha. Hapo ndipo anaposema, "Haya, sasa liachie." Pedali inamalizika juu, na hakuna badiliko lolote. Binti anamgeukia mwalimu, hajaamini kwamba imekwisha.

Wanarudia hivyo asubuhi nzima, mbele na kinyumenyume, mpaka mguu uijue kazi bila kuamriwa. Mafuta huja baadaye, na huja kwa kiasi: sauti ya injini ipandishwe kidogo kabla klachi haijashika, kisha ishikiliwe palepale. Napenda mpango huu kwa sababu unaondoa kelele. Mwanafunzi anayechezesha pedali mbili kwa pamoja hajui ni ipi iliyomsaliti. Akipewa moja tu, gari lenyewe humfundisha.

Baada ya mguu, kazi huhamia sikioni. Klachi inaposhika, injini hubeba uzito na sauti yake hushuka. Ikishuka sana, inataka kuzima. Irudishe klachi chini kidogo, au ongeza mafuta kwa kiasi cha unyayo kujikunja. Ikipanda huku gari haliendi, unaichoma pleti. Ikiacha kupanda na kushuka, imelingana na magurudumu. Dereva aliyekomaa hatazami dashibodi wakati wa kuondoka. Macho yake yako kwenye kioo cha pembeni na barabarani, na habari zote za klachi humfikia kwa sauti na kwa nyayo.

Injini nazo zina tabia zao. Dizeli, kama ile ya lita 4.2 yenye silinda 6 iliyotumika miaka mingi kwenye Land Cruiser tunazoziita mkonga, hujiongezea mafuta yenyewe inapohisi uzito, kwa hiyo kwenye tambarare unaweza kuitoa kwa klachi pekee. Injini nyingi za petroli, hasa zilizo ndogo na za zamani, zinahitaji kusaidiwa. Na klachi ya kila gari hushikia mahali pake. Nyingine chini, nyingine juu, na pleti ikizeeka mara nyingi hushikia juu zaidi. Deiwaka mwenye adabu, akikabidhiwa gari la mwenzake, hulipima kwanza pembeni kabla hajapakia mtu. Kwangu mimi kile kitendo kidogo ni alama ya ufundi: anakubali kwamba gari hili si lile alilolizoea, na kwamba mguu wake ndio utakaobadilika.

Kuteleza kwa klachi kuna bei. Injini ikishikiliwa kwenye mizunguko ileile wakati wa kuondoka, karibu nusu ya kazi inayopita kwenye klachi hugeuka kuwa joto kwenye pleti. Na joto hilo halikui kwa kiasi kilekile cha mizunguko: ukiondoka na mizunguko maradufu, joto huwa mara nne. Ndiyo maana anayeunguruma kwa fujo stendi huku klachi ikiteleza anakula pleti ya tajiri wake, na ile harufu kali ya kuungua inayoingia ndani ya basi ndiyo risiti. Subira ninayoisifu hapa ina mipaka pande zote mbili. Ukifupisha, unawarusha watu. Ukirefusha, unachoma chombo. Katikati yake kuna kipimo, na kipimo hicho hubadilika kwa kila mzigo na kila ardhi.

Kwa hiyo tuje kwenye mzigo, maana hapo ndipo ufundi huu unapokuwa na maana. Fuso linalotoka Urambo limepakia mabelo ya tumbaku hadi juu haliwezi kuondolewa kama gari tupu. Dereva wake huanza mapema: huwasha injini, husubiri upepo ujae kwenye mitungi ya breki, maana breki za upepo haziaminiki kabla ya hapo. Kisha huchagua gia ya chini kabisa na kulitoa bila mafuta mengi. Utaona turubai limetulia, kamba zinakazika, halafu lori zima linaanza kusogea kwa pamoja. Tandiboi aliyeko juu ya mzigo hana haja ya kushika chochote. Anayeondoa hivyo ameokoa kamba, ameokoa pleti na springi, na amemheshimu mkulima aliyekausha na kufunga majani yale.

Nimefikiri zaidi juu ya madereva wa magari ya wagonjwa. Mkonga unaomleta mama mjamzito kutoka zahanati ya mbali hadi hospitali ya Kitete una haraka ya kweli. Lakini kila unaposimama, kwenye shimo, kwenye tuta, mbele ya ng'ombe wanaovuka, lazima uondoke tena, na kila kuondoka kunapita ndani ya mwili wa aliyelala nyuma. Dereva wa namna hiyo anajifunza kwamba haraka na ulaini havigombani. Sekunde mbili anazotumia kwenye klachi hazimcheleweshi kufika. Zinamfanya yule mama afike akiwa na nguvu alizoondoka nazo.

Ardhi nayo ina masomo yake. Mvua za Novemba hadi Aprili zikishalowesha barabara za vumbi, gari jepesi huondoka vizuri zaidi kwa gia ya pili, kwa sababu gia ya kwanza hutoa nguvu nyingi kupita uwezo wa tairi kushika, na tairi likianza kuzunguka bure hujichimbia shimo. Kwenye makutano ya barabara na reli, dereva husimama, hutazama kulia na kushoto, kisha huvuka kwa gia aliyoondokea mpaka magurudumu ya nyuma yavuke. Habadilishi gia juu ya reli, maana hapo si mahali pa kuzimiwa na gari.

Mtihani mkubwa ni mlima. Anayesafiri kutoka Singida kuja Nzega na Tabora hupita Sekenke, Iramba, mahali ambapo lori lenye mzigo likisimama kwenye mwinuko, kuliondoa ni kazi ya watu wawili. Tandiboi hushuka na gogo, huliweka nyuma ya tairi. Dereva huvuta breki ya mkono, hutia gia ya kwanza, huleta klachi hadi ishike, na huongeza mafuta. Hungoja mpaka ausikie uzito wote umehamia kwenye injini: sauti imekuwa nzito, kabini imejikaza, lori linataka kwenda lakini breki inalizuia. Hapo ndipo breki huachiwa, nalo hupanda bila kurudi nyuma hata unyayo mmoja. Asiyejua huachia breki kwanza na kutafuta klachi baadaye, lori likiwa tayari linarudi. Tofauti ni mpangilio tu wa vitendo vitatu, lakini juu ya mlima mpangilio huo ni maisha ya watu.

Tukirudi kwenye njia ya misafara, inatukumbusha pia kwamba si kila kilichobebwa juu yake kilibebwa kwa heshima. Watu walipitishwa humo wamefungwa minyororo, na wengi hawakufika pwani. Hao hawakuulizwa kama wako tayari kuondoka. Kuusifu ufundi wa wapagazi hakufuti jambo hilo, na mwandishi yeyote wa Tabora anayelisahau anaikosea ardhi anayokanyaga. Lakini njia hiyohiyo ilishuhudia uangalifu wa hali ya juu. Livingstone alipofariki Mei 1873 huko kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Abdallah Susi, James Chuma na wenzao waliuhifadhi mwili wake, wakauchukua kwa miguu kupitia Kwihara Oktoba mwaka huo, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Kwa miezi hiyo yote waliuinua na kuutua kila kambi. Hadi walipofika Kwihara, hawakuwa na mtu wa kuwasimamia.

Magari mengi madogo yanayoingia nchini kutoka Japani siku hizi ni otomatiki, na kijana wa mjini anaweza kupata gari lake la kwanza bila kuijua klachi. Sioni ubaya katika hilo. Mashine yenyewe imejifunza kungoja kwa niaba yake. Lakini malori yetu mengi, matrekta, mikonga ya zahanati, mabasi mengi ya mikoani, hata bajaji yenye klachi ya mkononi, bado vinahitaji mtu anayejua kulinganisha vitu viwili visivyo na mwendo mmoja. Vyuo kama vile vya VETA hufundisha kazi hii, na ningependa kila chuo cha udereva, kikubwa au kidogo, kiipe muda wake: asubuhi nzima ya kuondoka bila mafuta, nyingine ya kuondoka kwenye mwinuko, na nyingine ya kuondoka na mzigo halisi nyuma. Siku ya mtihani, mtahini amkalishe mtu asiye na mkanda wala bomba la kushika kwenye kiti cha nyuma, uwanjani, kisha amuulize alisikia nini.

Nasema hivi kwa sababu mafunzo ya mguu wa kushoto hayaishii mguuni. Mwanafunzi aliyekaa hapohapo sekunde mbili, akausikia uzito wa gari kabla ya kulidai liende, amejizoesha kuwafikiria waliomo kabla ya kuifikiria haraka yake. Na aliyezoea kuwafikiria wakati wa kuondoka atawafikiria kwenye kona, kwenye mteremko, na mbele ya watoto wanaovuka barabara kwenda shule.